Tuonyesheni Lilipokuwa Kanisa la Watoro

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Kenya ni nani aliyeleta Ukristo nchini, atakutajia Krapf na Rebmann kabla hujamaliza swali. Akiwa msomaji ataongeza kwamba Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, kwamba mkewe Rosine alifariki Julai ya mwaka huohuo, yeye na mtoto wao mchanga wakazikwa bara, upande wa Nyali, na kwamba Johannes Rebmann alipomfuata mwaka 1846 walipanda pamoja hadi Rabai wakajenga kituo. Huenda akakupa na milima: Kilimanjaro, Mei 1848, Mlima Kenya, Desemba 1849. Yote hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Sasa mwulize Fuladoyo ni nini. Mwulize David Koi aliuawa kwa ajili gani. Nimewauliza maswali hayo walimu, wainjilisti na wazee wa kanisa, watu wanaoikariri Zaburi nzima kwa moyo, nao wamenitolea macho.

Linanichoma jambo hili, na sitalisema kwa upole.

Fuladoyo ilikuwa kijiji cha watoro katika nchi ya Wagiriama, kaskazini mwa Rabai, ndani kutoka ukanda wa minazi, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Waliokikalia walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wakichanganyika na Wagiriama waliokuwa wameamua wenyewe kuwa Wakristo. Walilima, walijenga, walioana, walizika, na walisali. Nyumba yao ya sala ilikuwa kama nyumba nyingine za nyika: nguzo, fito, udongo na nyasi. Imekwisha. Mvua na mchwa havikuacha ukuta wa kupigia picha. Nami nasema kwamba palipokuwa na nyumba ile panastahili heshima kuliko makanisa mengi ya mawe tunayojivunia, na kwamba kuishi kwetu bila kupajua ni aibu ya kanisa, aibu ya serikali, na aibu yetu sisi tunaoshika kalamu.

Tuanze na jinsi mambo yalivyokuwa, maana wengi wanaobisha hawajui hata hapo.

Rebmann alikaa Rabai miaka 29. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, aliyesafiri naye hadi Ulaya. Katika miaka yote hiyo waliobatizwa Rabai walikuwa wachache mno, na wa kwanza wao, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa kitandani anakufa. Kwa hesabu ya ofisi za misheni kule London, Rabai ilikuwa kazi iliyoshindwa. Lakini neno lilikuwa limevuka mpaka wa kituo bila kuomba ruhusa. Mgiriama mmoja, Abe Ngoa, alilisikia Rabai akalibeba kwao Godoma. Pale Godoma hapakuwa na mzungu, hapakuwa na mshahara, hapakuwa na bweni wala kengele. Palikuwa na mtu aliyeamini na majirani waliokuja kumsikiliza. Kijiji cha Wakristo kikaanza kuota ndani ya Ugiriama, na wamisionari wakapata habari zake baadaye, kwa kusimuliwa.

Na walikuwa wakisikiliza nini? Krapf alikuwa ameitafsiri Injili ya Luka kwa lugha aliyoiita Kinika, nayo ikapigwa chapa Bombay mwaka 1848. Naomba wanaoitazama tafsiri hiyo kama kazi ya kisomi tu wafungue sura ya 4, pale Yesu anaposimama katika sinagogi la Nazareti na kusema kwamba ametumwa kuwatangazia mateka kufunguliwa kwao. Maneno hayo yaliwekwa katika lugha ya Wamijikenda kwenye pwani ambayo wakati huo mtu alikuwa anauzwa kama gunia la mtama. Krapf aliweza kurudi kwao Ujerumani. Maneno yalibaki.

Watoro walikuwapo kabla ya Ukristo kufika, hilo tulishike. Mtu alitoroka kwa sababu alitaka kuwa mtu, na hakuhitaji kuhubiriwa ndipo alijue hilo. Lakini katika miaka ya 1860 na 1870 mambo yalizidi. Mji wa Malindi, uliokuwa magofu, ulifufuliwa kuanzia miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na mashamba ya mtama, ufuta na minazi yakatandazwa kwa nguvu za watumwa. Takaungu na Mambrui nako vilevile. Wengi wa waliolimishwa walitekwa mbali sana: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazigua, watu wa nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Wengine walitoka jirani. Ilipokuja njaa, wazazi wa Kimijikenda waliwaweka watoto wao rehani kwa matajiri wa pwani ili wapate chakula, na si watoto wote waliokombolewa. Nyuma ya mashamba kulikuwa na nyika. Mtu mwenye miguu miwili na usiku mmoja wa giza alikuwa na njia.

Kwa hiyo waliposikia kwamba Godoma kuna watu wasiouliza bwana wako ni nani, walikwenda. Mwishoni mwa miaka ya 1870 watoro wakawa wengi katika jamii ya Abe Ngoa, wakahamia Fuladoyo, na kwa miaka kadhaa palikuwa na mji mzima wa watu huru uliojiongoza wenyewe, ukiwa na David Koi kama kiongozi wake.

Msomaji afikirie uzito wa jambo hilo kwa wakati ule. Sheria ilikuwa upande wa bwana. Mkataba aliotia sahihi Sultani Barghash mwezi Juni 1873 ulifunga biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko, likiwemo lile la Mkunazini, Zanzibar, ambapo Askofu Steere alijenga kanisa kuu. Mwaka 1876 misafara ya nchi kavu nayo ikapigwa marufuku. Lakini aliyekuwa mtumwa tayari alibaki mtumwa. Kwenye pwani ya Kenya utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Zaidi ya miaka 30 baada ya soko la Zanzibar kufungwa kwa sherehe, bado mtu alihesabiwa kuwa mali ya mwenzake Malindi na Mombasa. Anayemhifadhi mtoro, basi, alikuwa anahifadhi mali ya wizi. Watu wa Fuladoyo waliijua sheria hiyo, wakaivunja kila siku waliyoamka.

Na misheni? Hapa ndipo wengi hawapendi nifike. Chama cha Misheni cha Kanisa (CMS) kilianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Uingereza. Kazi njema, na kengele yake ya kuonya ndiyo iliyoupa jina mtaa wa Kengeleni tunaoupita kila siku. Lakini mateka wa Frere Town walikuwa na karatasi. Walikuwa wamekombolewa na dola kubwa, kwa utaratibu, na wakawekwa chini ya wasimamizi. Mtoro hakuwa na karatasi. Alikuwa amejikomboa. Balozi wa Uingereza kule Zanzibar, John Kirk, aliionya misheni isiwahifadhi watoro, na mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Frere Town kwa sababu ya watu wao waliokimbilia huko. Misheni ikasitasita. Kuna wakati ilifumba macho, kuna wakati iliahidi kuwarudisha. Ndani ya Frere Town kwenyewe viboko vilitembea juu ya migongo ya waliokombolewa, mpaka habari zikavuma na msimamizi akaondolewa.

Mtu aliyetoroka fimbo ya bwana wake Takaungu angefanya nini mbele ya milango ya aina hiyo? Alipanda nyika akaenda Fuladoyo, kwa Wakristo wasio na bendera ya kuogopa kuitia doa.

Mwaka 1883 wenye watumwa walishambulia. Walimkamata David Koi, wakamkata kichwa.

Ninaandika sentensi hiyo nikijua kwamba kuna msomaji anayeiona leo kwa mara ya kwanza, naye ni Mkristo wa Kenya, amebatizwa, amepata kipaimara, na anaweza kukuhesabia mashahidi wa Uganda kwa majina. Ni vyema anawajua. Vijana watatu wa Kianglikana, Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, waliuawa Januari 1885. Wale wa Namugongo walichomwa moto Juni 3, 1886. Askofu James Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885. Hayo yote yalikuja baada ya David Koi. Kichwa cha kiongozi wa Fuladoyo kilikwisha kuanguka kabla ya kijana hata mmoja wa Buganda kuguswa. Namugongo leo ina mahali patakatifu pa Wakatoliki na pa Waanglikana, Juni 3 ni sikukuu ya taifa, Papa Paulo wa Sita alifika mwaka 1969, na Wakenya wanajaza mabasi, wengine wanatembea kwa miguu wiki nzima na zaidi, kwenda kuhiji Uganda. Siwakatazi. Nawauliza tu: ni lini mlitembea kwenda Fuladoyo?

Nitasema kwa nini hamjawahi, kwa sababu nimelitafakari muda mrefu na sikubali jibu la kwamba ni bahati mbaya.

Koi hana mwenyewe. Kila anayetunza kumbukumbu katika nchi hii anatunza ya kwake. Misheni ilitunza ya wamisionari, kwa sababu wao ndio walioandika barua, na barua ziliwekwa katika makabati ya London na Birmingham ambako zipo hadi leo. Katika barua hizo Fuladoyo inatokea kama tatizo: watu wasio na usimamizi, wenye hatari ya kuwachokoza Waarabu, wanaohitaji mtu wa kuwaongoza. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kumkumbuka mtu aliyewafundisha watumishi kukimbia, na ilipohitaji vibarua wa mashamba yake yenyewe ilikuwa na sababu zaidi ya kunyamaza. Serikali ya uhuru ilitafuta mashujaa waliopigana na Mwingereza. Koi aliuawa kabla Mwingereza hajaitawala nchi, na waliomuua walikuwa watu wa pwani. Wanasiasa wanatafuta shujaa mwenye kabila lenye kura. Watoro wa Fuladoyo walitoka makabila mengi, wajukuu wao wamemezwa na Wagiriama, Warabai na Waswahili, na ukitaka kuwahesabu kama kambi ya kura hutawapata. Hata kanisa, ambalo lingepaswa kuwa la mwisho kumsahau, linaona haya kidogo, maana kisa cha Koi hakiwezi kusimuliwa bila kusimulia kisa cha misheni kusitasita.

Hakuna aliyefaidika na kukumbuka, basi wote wakaacha.

Watetezi wa uzembe wana hoja yao, nami nimeisikia mara nyingi: Rabai kuna jengo, Fuladoyo hakuna kitu. Serikali itahifadhi nini? Itaweka uzio kuzunguka nyasi?

Hoja hiyo inatolewa na watu wanaoishi kilomita chache kutoka kaya. Kaya ni nini? Ni msitu wenye uwanda katikati. Wamijikenda waliishi ndani yake, wakatoka kidogo kidogo, nyumba zikaoza na kurudi kuwa udongo, na hadi katikati ya karne ya 20 nyingi zilikuwa hazina mkazi. Hakuna ukuta wa kuonyesha. Hata hivyo kila Mgiriama anajua Kaya Fungo ni wapi. Waingereza waliilipua kwa baruti Agosti 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha watu wasitoe vijana wala kodi, wakadhani wakilipua miti na malango wamelipua na kiapo. Watu wakaendelea kupajua, kupaheshimu, kuwakataza watoto kukata kuni pale. Kuanzia mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa yalianza kuzitangaza kaya katika gazeti la serikali kuwa urithi wa taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Urithi wa dunia, ndugu zangu, usio na hata jiwe moja juu ya jingine! Wazee na makumbusho walikaa pamoja, wakapima mipaka, wakaweka walinzi. Iliwezekana kwa sababu watu walikataa kusahau, na serikali ikalazimika kuja nyuma yao.

Tena Wagiriama, kati ya watu wote, hawahitaji kufundishwa na yeyote kwamba marehemu anadai alama. Mzee wa chama cha Gohu akifa husimamishiwa kigango, nguzo ya mti uliochongwa, na nguzo hiyo haihamishwi. Familia ikihama, kigango hubaki palepale hata kidondoke na kuoza. Vigango viliibwa kwa mamia na kuuzwa kwa watalii na makusanyo ya Marekani, na tuliona kazi iliyofanyika, barua baada ya barua, mpaka vingine vikarudishwa Kenya mwaka 2007 na wenyewe wakavipokea kwa machozi. Nchi iliyoweza kufuatilia nguzo ya mti hadi Illinois haiwezi kuniambia kwamba imeshindwa kufuatilia kijiji hadi Kilifi.

Rabai yenyewe nairudia, kwa sababu inanipa hasira ya namna nyingine. Pale kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1994 katika jengo la kanisa la kale. Kuna nyumba ya Krapf na nyumba ya Rebmann. Watoto wa shule huletwa kwa basi, wakaonyeshwa. Waambiwe basi na yaliyotokea hapohapo Rabai mwaka 1888. Watoro walikuwa wamejaa mashamba ya misheni, na mchungaji wao, William Jones, alikuwa Mwafrika aliyekombolewa utotoni na kulelewa Nasik, India. Mtu yuleyule aliyekwenda na Hannington hadi Busoga na kuurudisha msafara uliofiwa Rabai mapema mwaka 1886. Jones aliijua sheria ya Mombasa na aliijua hofu ya wakubwa wake. Watoro wakaendelea kukaa. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipotaka kuanza utawala wake kwa amani na matajiri wa Mombasa, wakala wake George Mackenzie aliamua kumaliza ugomvi kwa fedha. Zaidi ya watu 1,400 waliandikwa majina na kulipiwa, dola 25 kwa kichwa, na Januari 1, 1889 wakapewa hati za uhuru pale Rabai.

Fedha hizo zilikwenda kwa wenye watumwa. Aliyelimishwa miaka 15 bila ujira hakupata senti. Tendo hilo limeingia vitabuni kama ukarimu wa Kampuni. Mimi naliona kama ushindi wa watoro, waliokuwa wengi mno na wakaidi mno kiasi kwamba dola ilishindwa kuwarudisha, ikalazimika kuwalipia. Na nani aliyekuwa amewaonyesha watu wa nyika kwamba mtoro anaweza kusimama, kulima, kusali na kukataa kurudi? Fuladoyo ilikuwa imefanya hivyo miaka 9 kabla ya sherehe ya Mackenzie, bila fedha na bila bunduki za kutosha, na ikalipia kwa damu ya kiongozi wake. Hati ya uhuru ya Rabai iliandikwa kwa wino wa Kampuni. Ya Fuladoyo waliiandika wenyewe kwa kuondoka.

Kuna wanaoniambia nisiguse mambo haya, kwamba nitawagombanisha Wakristo na Waislamu wa pwani ambao wanaishi vizuri, wanaoana, wanazikana. Nawaheshimu wanaosema hivyo kwa nia njema, lakini wamekosea hesabu. Wengi wa watoro walikuwa wametoka katika nyumba za Waislamu, na wengi wao walikuwa Waislamu kwa malezi. Wajukuu wa watumwa wako misikitini na makanisani, na wajukuu wa mabwana wako misikitini na makanisani vilevile. Katika familia nyingi za pwani wote wawili wamo katika ukoo mmoja, na bibi anajua ni nani alikuwa nani ingawa hasemi. Waliouza walikuwa wa dini zote na wa rangi zote: mateka walinunuliwa bara kwa machifu Waafrika, wakasafirishwa na Waarabu na Waswahili, wakakopeshewa fedha na wafanyabiashara wa Kihindi, karafuu na pembe zikaishia kwenye meza za Ulaya na Marekani. Ukimya haujamlinda yeyote. Umemfanya mtoto wa mtumwa aone haya kwa kosa ambalo hakulitenda yeye wala babu yake. Bado nasikia watu wakitukanana mtaani kwa neno mtumwa, na anayetukanwa ndiye anayeinamisha kichwa. Mtoto huyo angeambiwa kwamba babu yake huenda alikuwa mmoja wa waliojenga mji nyikani na kanisa ndani yake, angeinamisha kwa nini?

Wapo na wale wa upande mwingine, wenye bidii ya dini, wanaotaka Koi awe shahidi safi aliyekufa kwa ajili ya imani tu, bila mambo ya utumwa. Hao nao siwakubalii. Waliomuua hawakwenda Fuladoyo kubishana naye kuhusu Utatu Mtakatifu. Walikwenda kwa sababu alikuwa amekalia mali yao, na mali hiyo ilikuwa watu. Imani yake ilikuwa hiyo: kwamba aliyekimbilia mlangoni kwake harudishwi. Mkiliondoa hilo mnabaki na sanamu ya kupaka rangi. Mwacheni alivyokuwa, mtu aliyesali na akavunja sheria, na akavunja sheria kwa sababu alisali.

Sasa nataka nini? Nitasema waziwazi, maana hasira isiyodai kitu ni kelele.

Kanisa la Anglikana la Kenya ndilo mrithi wa misheni ile, na faida na madeni yake limeyarithi pamoja. Maaskofu wake wa pwani waitishe siku ya David Koi katika kalenda ya ibada, na siku hiyo isomwe habari yote, pamoja na sehemu inayowaumiza. Wasingoje fedha za wafadhili. Harambee zinazojenga minara na kununua magari ya kifahari zinaweza kununua ekari chache za nyika, na ekari hizo zipimwe kabla hazijagawanywa ploti, kwa sababu ardhi ya Kilifi inauzwa kwa kasi na mnunuzi akishachimba msingi hakuna mtaalamu atakayeambulia kitu. Nyumba ya udongo huacha zaidi ya mnavyodhani: matundu ya nguzo, majivu ya mafiga, vigae, ushanga, makaburi. Wanaakiolojia wamechimbua Gede na Shanga za pwani wakatuambia watu walikula nini miaka 800 iliyopita. Kijiji cha miaka ya 1880 hakiwezi kuwashinda. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaipa serikali nguvu ya kutangaza mahali kuwa urithi hata pasipo na jengo, iitumie.

Barua za misheni zinazoitaja Fuladoyo zitolewe nakala, zitafsiriwe Kiswahili na Kigiriama, ziwekwe Rabai, ambapo mtu wa Ganze au Kaloleni anaweza kuzisoma bila viza. Waandishi wa vitabu vya shule waongeze ukurasa mmoja baada ya Krapf. Mmoja tu, wenye Abe Ngoa na Godoma, David Koi na Fuladoyo, William Jones na Rabai ya 1888, ili mtoto ajue kwamba katika kisa cha Ukristo wa nchi yake Waafrika hawakuwa wasikilizaji waliokaa sakafuni wakingoja kufundishwa. Kaunti ya Kilifi, inayotangaza fukwe zake kwa wageni, iweke jina la Fuladoyo kwenye ramani zake za utalii na kibao njiani kwa lugha ya wenyeji.

Na kabla ya kibao, kabla ya kamati, watumwe watu wenye daftari na kinasa sauti kwa wazee wa Ugiriama, wa kiume na wa kike, Wakristo, Waislamu na wa dini ya jadi, wakaulizwe watoro walikaa wapi, walichota maji kisima gani, makaburi yao ni yapi. Mzee aliyezaliwa katika miaka ya 1930 angeweza kuyasikia mambo hayo kwa babu aliyeyaona kwa macho yake. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya wizara. Inahitaji nauli ya matatu hadi Kilifi, pikipiki ya kuingia ndani, na parokia moja itakayoamua kwamba vijana wake wataianza likizo hii.